Mfalme Niliyemfungia Ndani ya Somo la Mama

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukasema baadaye nilikuficha. Nilimtunga mfalme. Nikampenyeza katikati ya wafalme wa kweli, ndani ya somo la historia la mama yangu, na mama akamkariri neno kwa neno, tayari kwenda kumsimulia mbele ya mwalimu wake.

Ukiisikia hivyo tu utadhani mimi ni mtoto mbaya. Hapana. Mimi nilikuwa kifungoni.

Ilikuwa likizo ya majira ya baridi, ile wiki ya Februari ambapo shule za Stockholm zinafungwa ili watoto wakateleze kwenye theluji. Nilikuwa darasa la tisa. Jumapili iliyotangulia, kanisani kwetu, kwenye ukumbi tunaoazima kule Farsta, nilikuwa kwenye kazi yangu ya kawaida: kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa kompyuta. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu wazee wa kanisa hawajui waya upi unaingia wapi. Basi kwenye wimbo wa sadaka nikaongeza ubeti wangu:

Sahani ya pili mchungaji kaipokea,
nyama imekwisha, nasi twangojea.

Nakwambia waliimba. Mikono juu, mabega yanacheza, sauti ya tatu ikaingia mahali pake bila kosa. Watu wetu wakiona neno limeandikwa, wanalipokea. Wa kwanza kunyamaza alikuwa mama. Wa kwanza kugeuka nyuma kunitazama, mama huyo huyo.

Hukumu ilitoka ndani ya treni ya kurudi nyumbani Fittja: wiki nzima ndani ya nyumba, simu yangu ndani ya mkoba wake, na kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa historia.

Lazima umjue mama kidogo. Kule Bukavu alikuwa muuguzi. Yeye husema "infirmière", na akilisema neno hilo mgongo wake unanyooka wenyewe. Amezalisha wanawake wengi kuliko watu wanaoishi kwenye jengo letu, na jengo letu lina ghorofa nane. Lakini diploma yake ilipotea njiani, na shule iliyomwandikia haina tena daftari la majina. Hapa Uswidi, mtu asiye na karatasi ni mtu anayesimulia tu. Kwa hiyo mama alitandika vitanda kwenye nyumba ya wazee, na baada ya kazi akaenda shule ya watu wazima kuanza sekondari upya, kama mtoto wa miaka kumi na sita mwenye maumivu ya mgongo. Hesabu alimaliza. Kiswidi alimaliza. Sayansi, yeye ndiye aliyemfundisha mwalimu. Likabaki somo moja, historia, na ndani ya historia likabaki jambo moja: kusimama mbele ya darasa mwezi wa tatu na kueleza mada aliyopewa. Akipita, angeweza kuomba nafasi ya kusomea uuguzi kabla maombi hayajafungwa katikati ya Aprili. Asipopita, mwaka mwingine wa kungoja. Na alikuwa amekwisha kungoja miaka yote niliyoishi mimi.

Mada ziligawiwa kwa vikaratasi. Wengine wakapata Roma, wengine vita vya dunia. Mama akafungua chake: nchi ya falme za Rajput, kaskazini-magharibi ya India.

"Iko karibu na Yerusalemu?" akaniuliza.

"Hapana, Mama."

"Basi ni nani atanisaidia?"

Kiswidi cha kuongea anacho. Lakini kitabu kinene cha historia, baada ya kugeuza wazee vitandani kwa saa nane, hapana. Ndiyo kazi yangu ikawa hiyo: kusoma vitabu vya maktaba, kuvipunguza viwe kurasa chache za Kiswidi chepesi, na chini ya kila mstari niweke Kiswahili.

Nilikaa kwenye meza ya jikoni, ghorofa ya sita. Dirishani niliona mlima ule mdogo nyuma ya maegesho, na rafiki zangu wakiteremka juu ya mifuko ya plastiki wakipiga kelele. Mdogo wangu wa kike, miaka minane, alikuwa askari jela. Nikisimama kwenda chooni ananihesabia dakika, kwa Kiswidi.

Sasa niseme ukweli mwingine unaouma: kitabu kilinishika. Hao Rajput, jina lao maana yake wana wa wafalme, na hakuna aliyekubali kuwa mtoto wa mtu wa kawaida. Ukoo mmoja ulisema umetoka kwenye jua. Mwingine kwenye mwezi. Mwingine kwenye moto. Kila nyumba ya kifalme, Mewar, Marwar na nyingine za kule jangwani, ilikuwa na waimbaji wake wa nasaba, watu ambao kazi yao ya kurithi ilikuwa kushika majina ya mababa na kuyaimba mbele ya mfalme. Na inasemekana, mfalme mpya akihitaji babu mkubwa zaidi, mwimbaji alimpatia. Nikasema hii kazi naiweza.

Walijenga ngome juu ya milima. Moja ina milango saba njiani kupanda, mmoja baada ya mwingine, na njia inapinda kila mlango ili tembo wa adui asipate mahali pa kukimbilia kabla ya kugonga. Akili tupu. Lakini ngome ina ubaya wake: adui hana haja ya kuingia. Anakaa chini, anapika, anangoja. Ndani nafaka inapungua, kisima kinashuka. Na siku ya mwisho, wanaume walivaa nguo za rangi ya zafarani, wakafungua mlango wenyewe na kutoka kwenda kufa, na wanawake walikuwa wamekwisha kuingia motoni. Nilisoma ukurasa huo mara mbili, nikatazama mlima wa mifuko ya plastiki, nikaona wiki yangu si mbaya kiasi hicho.

Kisha kulikuwa na yaya. Katika nyumba ya Mewar, ndugu mmoja mwenye tamaa alitaka kiti, akaja na upanga kumuua mrithi, mtoto mdogo aliyekuwa bado analelewa. Yaya akasikia mapema. Akamtoa mtoto wa mfalme ndani ya kikapu, amefunikwa majani. Na kitandani akamlaza mtoto wake mwenyewe. Mtu wa upanga alipouliza mrithi yuko wapi, yaya akanyoosha kidole kitandani, na upanga ukashuka. Yule mtoto wa kikapu akakua, akawa mfalme, akajenga mji kando ya ziwa. Hivyo ndivyo wanavyosimulia mpaka leo. Niliandika hayo yote, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuongeza kitu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Siku ya tano kifungoni. Kurasa saba zimekwisha, ya nane iko tupu, rafiki yangu mmoja chini ananipungia mkono kama mtu anayeaga meli. Ndipo mkono wangu ukaandika wenyewe.

Niliandika kwamba palikuwa na mfalme mwoga sana. Aliogopa ndugu zake. Akafunga milango yote saba, funguo zote kwenye pete moja, pete kiunoni. Siku moja akainama kisimani kunywa maji, pete ikatumbukia. Wahunzi wote walikuwa nje. Basi akakaa ndani miaka kumi na miwili, akitawala kwa kupiga kelele kutoka juu ya ukuta. Kesi aliziamua kwa kelele. Kodi aliidai kwa kelele. Chakula alipandishiwa kwa kamba. Mpaka mkulima mmoja akamwuliza: "Ewe mfalme, si ushuke kwa hiyo hiyo kamba?" Na mfalme akajibu: "Mfalme hatokei mahali wali unapoingilia."

Nikacheka peke yangu mpaka askari jela akaja kuuliza kuna nini.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mama atasoma, atafika pale, atacheka au atanipiga kofi la mgongoni, tutafuta, tutaendelea. Nilichosahau ni jinsi mama alivyosomeshwa. Shuleni kwao, mwalimu aliandika somo ubaoni, wewe ulinakili, ukaenda nyumbani ukalimeza, kesho ukalitoa lilivyo, na neno likikosekana kiboko kilijaza nafasi yake. Mama halisomi somo ili alikague. Analimeza na mifupa.

Juma lililofuata tulikuwa chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo, saa zetu tulizoandikisha, mashine tatu zinazunguka, mlango wa chuma umejifunga nyuma yetu. Tulikuwa tunakunja mashuka. Unajua namna yake: mmoja ana pembe mbili, mwingine mbili, mnavuta, mnakaribiana. Kila tukikaribiana mama ananipa aya moja. Jua, mwezi, moto. Tunaachana. Milango saba. Tunakaribiana. Nikasikia anasema: "Palikuwa na mufalme moja mwoga sana."

Nikaangusha pembe zangu.

"Mama, hiyo umeisoma?"

"Nimeisoma? Nimeishika yote. Sikiliza." Akaisema, kisima, pete, kelele, kamba, bila kukosa neno. Alipofika kwa mkulima akashusha sauti kama mkulima. Alipofika kwa mfalme akasimama wima na shuka mkononi: "Mufalme hatokei mahali wali unaingilia." Mashine zinanguruma. Halafu akasema, si kwangu, kwa shuka: "Ule mufalme, miye ninamujua."

"Unamjua vipi?"

"Kiongozi wa kazi ananiambia kila siku, kwa nini unajisumbua na masomo, weye uko na kazi tayari, unakula, watoto wanakula. Ananionyesha kamba ya chakula. Sasa nitamwambia." Akacheka, akaokota pembe zangu na kunirudishia. "Hii kitabu ni ya watu wenye akili, mutoto yangu. Vuta."

Nikavuta. Ungefanya nini wewe? Ungesema pale?

Nilijaribu. Nilijaribu asubuhi, akiwa anavaa viatu, akasema atachelewa basi. Nilijaribu kwa simu ya kuazima, akasema simu ni ya mambo mafupi. Jumapili nikaapa nitasema tukitoka kanisani, na kanisani, wakati wa ushuhuda, mama akasimama. Mimi niko nyuma kwenye kompyuta, safari hii na mzee wa kanisa ameketi pembeni kunilinda. Mama akashuhudia kuhusu kungoja. Akasema Mungu anaweza kuficha mfano hata kwa wafalme wa India. Akamtoa mfalme wangu mzima mzima, na kamba, na wali. Kanisa likasema amina. Mchungaji, yule yule wa sahani ya pili, akaandika kwenye daftari lake dogo.

Sasa mfalme wangu alikuwa amepanda madhabahuni. Kila siku aliyokaa, ukuta ulinenepa. Nikimwondoa, siondoi kichekesho tena. Namwondolea mama kitu anachoshikilia. Usiku sikulala vizuri, mchana sikuchekesha mtu. Mwalimu wangu wa darasa aliniuliza kama nina homa.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nikaamua. Mama alikuwa anasonga bugali, mgongo kwangu. Nikamwambia kwa Kiswahili, si kwa Kiswidi kama kawaida yangu, ili ajue ni jambo zito.

"Mama, mle ndani ya somo kuna kitu kimoja si cha kweli."

Mwiko ukasimama. Akageuka. Na, amini usiamini, alikuwa anatabasamu.

"Ninajua," akasema. "Nilikuwa ninangoja uniambie weye mwenyewe."

Sijui kama umewahi kutolewa mfuko wa saruji kifuani. Nikakaa chini. Mama akafuta mikono, akaenda kwenye kurasa zake, akachukua mkasi wa kukatia samaki, na akakata. Akaniwekea mezani kipande alichokikata. Nikatazama.

Alikuwa amemkata yaya.

"Hakuna mama wa vile," akasema. "Nimewashika wamama mikono wakizaa, wengi. Hakuna. Hata kwa mutoto ya serkali, hata ya mufalme, hakuna. Uliweka ule wa kunijaribu, nikajua palepale. Mwenye alitunga ile hajawahi kuzaa."

Nilifungua mdomo. Kabla neno halijatoka akanishika kichwa kwa mikono miwili yenye harufu ya unga, akasema, "Aksanti kwa kusema kweli," akaingia kwenye mkoba, akatoa simu yangu na kunirudishia. Alikuwa ameiweka muda wote ule, na sasa nilikuwa nimeipata kwa ajili ya uaminifu.

Nikala bugali. Mlango wa saba nao ukajifunga, nikasikia kabisa.

Siku ikafika, Jumanne, alasiri. Mama aliomba ruhusa shuleni kwangu nikamsukumie picha kwenye kompyuta, maana hiyo ndiyo kazi yangu maishani. Alivaa kitenge cha kanisani, na juu yake koti la theluji mpaka mlangoni. Darasani kulikuwa na watu wazima kama kumi na wawili na mwalimu mmoja mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani. Wote wanamwita mwalimu kwa jina lake, ndivyo Waswidi wanavyotaka. Mama peke yake anamwita Madame.

Nilikuwa na wazo la mwisho. Picha ya ngome ya mfalme wangu ilikuwa ya tisa. Nikiiruka haraka, kutoka ya nane kwenda ya kumi, mama ataona picha ya mikataba na Waingereza, atafuata picha, mfalme atabaki kisimani na pete yake. Ni kitufe kimoja tu, mara mbili.

Mama akaanza. Mungu wangu, alikuwa mzuri. Alisema jua na mwezi na moto. Alieleza kuhusu waimbaji wa nasaba, na namna walivyoweza kumwongezea mfalme babu. Alisema ngome, njaa, zafarani, na darasa likatulia kama kanisa. Milango saba. Picha ya nane. Nikabonyeza mara mbili.

Mama akakatiza neno katikati.

Akatazama ukuta. Akanitazama mimi. Na mbele ya watu wote, kwa Kiswahili: "Rudia nyuma. Umeruka mufalme."

"Mama, tuendelee tu," nikamnong'oneza.

"Rudia nyuma."

Nikarudi nyuma. Mfalme akatokea ukutani na mama akamsimulia. Wakacheka kwenye kelele, wakacheka kwenye kamba, na kwenye wali mwanafunzi mmoja, dereva wa basi, akapiga makofi. Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani.

"Huyu ni mzuri sana," akasema. "Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kumsikia. Chanzo chako ni kipi?"

Kama hujasoma shule ya Uswidi hujui uzito wa swali hilo. Hapa unaweza kusema lolote, lakini lazima useme umelitoa wapi. Mama akatazama orodha ya vitabu mwisho wa kurasa zake. Kidole kikashuka kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kikasimama. Akainua macho polepole mpaka yakafika kwangu, na mimi nilikuwa natafuta kwenye kompyuta kitufe cha kumtoa mtu chumbani.

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema kwa Kiswidi. "Nilimtunga. Yeye hajui."

Hakuna aliyecheka. Uso wa mama wa hasira naujua, nimeuona mara nyingi na nimeustahili kila mara. Huu haukuwa huo. Huu niliuona mara moja tu, kwenye ofisi ya kukagua vyeti, siku afisa mmoja alipomwambia kwa upole kwamba shule yake ya Bukavu haina daftari, kwa hiyo hawezi kujua kama anasema kweli.

Kisha mgongo ukanyooka, ule wa infirmière.

"Madame," akasema, Kiswidi chake polepole, kila neno akiliweka mezani. "Nimesema mwanzo, nyumba zile zilikuwa na mwimbaji. Nimesema mwimbaji alimwongezea mfalme babu. Mimi pia nina mwimbaji nyumbani. Nimemlisha miaka kumi na tano."

Dereva wa basi ndiye aliyeanza, kisha darasa zima. Mwalimu akacheka mwisho, midomo kwanza, halafu mabega.

"Hilo la mwimbaji nyumbani," akauliza, "lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi?"

"Hapana. Hilo ni langu."

Mwalimu akaandika kitu. "Lakini siwezi kumpa alama mfalme ambaye hakuwapo. Njoo Alhamisi. Dakika kumi, sehemu moja ya historia hiyo, vyanzo viwili. Na kijana abaki nyumbani."

Siku mbili zile mama hakunisemesha. Si kwamba alinuna. Alinipakulia chakula, alinipa soksi zilizokauka, ila neno hakuna. Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko, na kila nilipokwenda ukimya ulikuwa umefika kabla yangu. Alikwenda mwenyewe maktaba ya Fittja akarudi na vitabu viwili. Akafungua droo ya vijiko, akatoa kile kipande alichokikata kwa mkasi wa samaki, maana mama hatupi karatasi yoyote, hajui ipi itahitajika siku moja. Akakaa mezani, mahali pangu pa kifungo. Mdogo wangu akamshikia kamusi. Nilisikia anasoma mstari wa yaya, anasimama, anaurudia.

"Mama, nikusaidie?" nikauliza kutoka mlangoni.

Akainua kiganja kama polisi wa barabarani. Hakugeuka.

Baadaye nilimwona amefunga kitabu na kidole chake kimebaki ndani. Alikuwa anamtazama mdogo wangu, aliyekuwa amelala juu ya kamusi. Alimtazama muda mrefu.

Alhamisi niliambiwa nibaki nyumbani, kwa hiyo nikaenda. Nilimngoja nje ya shule, kwenye theluji iliyogeuka tope. Alipotoka hakushangaa kuniona. Tukatembea mpaka kituoni, tukapanda treni nyekundu, tukakaa tukitazamana. Liljeholmen. Skärholmen. Vårberg. Baada ya Vårby gård akafungua mkoba, akaniwekea kikaratasi magotini. Mwandiko wa mwalimu: herufi moja, C. Na chini yake: "Sehemu ya yaya ilinigusa." Alikuwa amepita. Maombi yalikuwa bado hayajafungwa.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Badala yake nikakikunja kikaratasi, nikamrudishia.

Treni ikaingia ndani ya mwamba, kituo cha Masmo, giza kwenye madirisha, nikaona nyuso zetu mbili kwenye kioo. Kisha ikatoka kwenye mwanga, juu ya daraja, ziwa limeganda chini yetu na Fittja iko mbele. Mama akaegemea mbele, akashika zipu ya koti langu lililokuwa wazi, akaipandisha mpaka kidevuni, akasema:

"Ushukuru Mungu ile Jumanne hakukuwa mutoto wa mufalme wa kuokoa. Ningekulalisha mu kile kitanda miye mwenyewe. Na ningekufunika muzuri."